Lifti ya Jirani, Matatu au Miguu: Kutoka Kaloleni Hadi Kazini

Ikiwa unaishi Kaloleni, Nairobi, na kazi yako iko katikati ya mji, huna haja ya kuumiza kichwa: tembea, nauli ibaki mfukoni. Wenye kazi ya kupiga hesabu ni wanaovuka mji kwenda Westlands, Upper Hill, Kilimani au Parklands, wanaolipa nauli mara mbili asubuhi na mara mbili tena jioni. Hao ndio wanaoambiwa na jirani mwenye gari, "Kwani tunapotezea nini pesa? Njoo twende pamoja, unichangie mafuta."

Ofa hiyo ni nzuri. Kwa bei peke yake hakuna matatu inayoishinda. Ila imekuwa rahisi kwa sababu kuna vitu viwili haijavilipia, leseni na bima, na siku gari likisimamishwa au likigongwa ndipo utakapojua vilikuwa na bei gani. Mwezi unaanza na lazima uamue, kwa hiyo tuzihesabu zote.

Tuanze na matatu, maana ndiyo kipimo.

Kaloleni iko karibu na mji, na ukaribu huo unalipiwa. Asubuhi, magari ya Buruburu, Umoja na Kayole yanayopita Jogoo Road hufika usawa wa soko la Burma yakiwa yamejaa. Unasimama pale, yanapita. Jioni mambo yanageuka: gari ni tupu na linaita watu, lakini mtu wa karibu hatakiwi. "Ni hamsini mpaka Buruburu, mathe, hata ukishukia Burma." Umelipa nauli ya mwisho wa safari kwa mwendo ambao ungeumaliza kwa miguu. Mvua ikianza, hamsini inakuwa themanini, na ikikaza inakuwa mia. Kuna na chenji isiyorudi, na kuna kushushwa Muthurwa wakati mlipatana ufikishwe katikati ya mji.

Tuseme asubuhi unalipa 50 mpaka mjini na 50 nyingine mpaka Westlands, na jioni, ukichanganya siku za jua na za mvua, safari zote mbili zinakula 130. Hizo ni Sh230 kwa siku. Kwa siku 22 za kazi ni Sh5,060 kwa mwezi. Shika namba hiyo.

Sasa gari la jirani. Kaloleni hadi Westlands na kurudi ni kama kilomita 18. Gari dogo la injini ya 1500, likiwa kwenye msongamano, huenda kilomita tisa au kumi kwa lita. Weka lita mbili kwa siku. Petroli ikiwa Sh185 kwa lita, hiyo ni Sh370, na mkiwa wanne pamoja na dereva kila mmoja anatoa Sh93. Ongeza kidogo kwa ajili ya matairi, oili na breki, iwe Sh120. Kwa mwezi ni Sh2,640. Umeokoa zaidi ya Sh2,400, na jioni hupigani kupanda.

Usifurahi bado. Gari la mtu mmoja lina siku zake: liko kwa fundi, mwenyewe yuko likizo, mtoto wake ameugua, bosi wake amemtuma Thika. Siku nne kwa mwezi si nyingi. Siku hizo unarudi kwenye matatu, na hiyo ni Sh920. Mkiwa mmepatana kulipa kwa siku, jumla yako inakuwa Sh3,080. Ukiwa ulilipa mwezi mzima mbele, inakuwa Sh3,560, na ile akiba uliyoitegemea imepungua kwa zaidi ya theluthi. Kwa hiyo sharti la kwanza: lipa kwa siku uliyopanda, au kwa wiki iliyokwisha. Usilipe mwezi ambao haujaja.

Hapo pesa zimekwisha kuongea. Sheria nayo ina yake.

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inalitenga gari la uchukuzi wa umma na gari la kibinafsi kwa jambo moja kubwa: je, linabeba watu kwa malipo? Likibeba kwa malipo, linahitaji leseni ya NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani), ukaguzi, dereva mwenye kibali cha kubeba abiria na bima ya abiria. Usidhani kwamba ukiita pesa hizo mchango, basi askari au hakimu atazichukulia vile vile. Wataangalia ulitoa nini, ulimpa nani, na yeye alikuwa akifanya nini barabarani.

Wala jirani hawezi kusema kwamba atachukua leseni ya matatu amalize maneno. Kanuni za NTSA za mwaka 2014 zilitaka kila mwenye matatu awe ndani ya sacco au kampuni yenye magari yasiyopungua 30. Mwenye gari moja, anayekwenda kazini kwake na kurudi, hana dirisha la kujipangia foleni.

Wenye matatu wana hoja hapa, na ni haki kuisema. Wao wanalipia leseni, ukaguzi, ada za sacco na bima ya kila kiti, na gharama hizo zimo ndani ya nauli yako. Gari la kibinafsi linalosimama steji na kuita watu kwa bei ya chini linachukua abiria bila kubeba mzigo huo. Ndiyo maana makanga humfukuza dereva wa namna hiyo kabla hata ya polisi kufika.

Ugomvi huu ni wa zamani katika barabara hizi hizi. Kenya Bus Service ilianza kazi Nairobi mwaka 1934, na mwaka 1966 ikapata mkataba wa kubeba abiria wa jiji peke yake. Matatu za wakati huo zilikuwa magari ya watu binafsi yaliyookota abiria wa Eastlands kwa senti chache bila leseni, na kampuni ya basi ililia kwamba inaporwa wateja. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta akaziruhusu kubeba watu bila leseni ya uchukuzi. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 1984 ndiyo yaliyozitambua rasmi na kuzidai leseni, ukaguzi na bima. Leo matatu ndizo zilizo ndani ya uzio, na mwenye gari dogo ndiye aliye nje.

Abiria asisahau hadithi ya karibu zaidi. Zilipokuja huduma za kukata kiti kwa simu, Little Shuttle na ile ya Swvl kutoka Misri, watu wa ofisi walipata kiti cha uhakika kwa nauli isiyopanda mvua ikinyesha. Mwishoni mwa 2019 NTSA ikataka magari ya huduma hizo yakamatwe, ikisema yana leseni za kubeba watalii ilhali yanabeba watu wa kwenda kazini. Katikati ya 2022 Swvl ikasimamisha safari zake za kila siku ndani ya Nairobi, mara hii kwa kubanwa na pesa. Abiria waliozoea kiti chao wakarudi steji. Kwa hiyo huduma yoyote mpya, hata iwe nzuri namna gani, usiipangie maisha. Usihamie nyumba ya mbali kwa kuitegemea.

Nchi nyingine zimeukata ugomvi huu kwa kuchora mstari. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 1981, mwenye gari anaruhusiwa kupokea michango ya abiria wake ikiwa haizidi gharama za safari na wamepatana kabla ya kuondoka. Ontario, Kanada, mambo yalikwenda kwa mabavu kwanza. Mwaka 2008 kampuni ya mabasi ya Trentway-Wagar iliishtaki PickupPal, iliyokuwa ikiwakutanisha wenye magari na wenye kutaka lifti, na PickupPal ikapigwa faini ya zaidi ya dola 11,000. Sheria ya huko ilitaka hata wanaosafiri pamoja watoke nyumbani kwenda kazini tu, na dereva yule yule, bila kuvuka mpaka wa mji, na walipe si zaidi ya mara moja kwa wiki. Watu walipiga kelele, na mwaka 2009 sheria ikalegezwa. Lakini wewe hukai Ontario. Kesi ya Jogoo Road huenda mahakama ya Makadara, na mpaka bunge letu lichore mstari wake, ni wewe na jirani mnaopaswa kukaa mbali na ukingo.

Nimeacha jambo la bima mpaka hapa kwa sababu ndilo zito kuliko yote, na ndilo watu wasilolijua.

Sheria ya bima ya magari, Sura ya 405, inamlazimisha kila mwenye gari kuwa na bima ya kufidia watu atakaowaumiza barabarani. Wengi husimama hapo, wakidhani abiria naye yumo. Si lazima awemo. Sheria hiyo inalazimisha bima ya abiria kwa magari ya aina mbili: yanayobeba watu kwa malipo, na yanayobeba watu kwa ajili ya mkataba wao wa kazi. Wewe uliyekaa kiti cha nyuma cha gari la kibinafsi, lenye ile bima ya bei ya chini kabisa, huenda hukukatiwa chochote. Gari likipinduka pale Landhies Road, mtembea kwa miguu aliyegongwa ana pa kudai. Wewe unabaki kumdai jirani yako mwenyewe, na unajua hali yake.

Na ukiwa unalipa? Hapo inakuwa mbaya zaidi. Bima nyingi za magari ya kibinafsi zimeandikwa kwamba gari litumike kwa mambo ya nyumbani, matembezi na shughuli za mwenyewe, si kubeba watu kwa malipo. Kampuni ikipata ushahidi kwamba kulikuwa na nauli, ina mlango wa kukataa kulipa, hata gari la jirani lenyewe. Ujumbe wa M-Pesa ulioandikwa "fare" ni ushahidi tosha wa kuanzia.

Dawa yake ipo, na si ghali. Bima ya dhima kwa abiria huongezwa juu ya ile ya kawaida, huhesabiwa kwa kiti, na kwa magari madogo kwa kawaida ni shilingi mia kadhaa kwa kiti kwa mwaka mzima. Mkigawana wote waliomo ndani ya gari, haifiki nauli ya siku chache. Sharti la pili, basi: dereva aiulize kampuni yake ya bima kwa maandishi kama kuchangia mafuta kunaruhusiwa, aongeze bima ya viti, na awaonyeshe jibu na cheti. Akisema "hiyo tutaona baadaye," subiri nyumbani mpaka aone.

Matatu nayo haina usalama wote. Kampuni ya bima ya Blue Shield, iliyokuwa na matatu nyingi kwenye vitabu vyake, iliwekwa chini ya msimamizi mwaka 2011, na Concord ikafuata mwaka 2013. Waliokuwa na madai walibaki wakihangaika. Hata hivyo, kwenye matatu kuna jina la sacco ubavuni, kuna leseni, na sheria inataka uwe na bima hata ukipanda kwa mara ya kwanza na hujui jina la dereva. Hicho ni kitu cha thamani, na ndicho sehemu ya ile Sh5,060 inachokinunua.

Sasa tofautisha magari mawili ambayo kwa macho yanafanana. La kwanza ni la jirani unayemjua, anayekwenda kazini kwake hata asipokuwa na mtu, na mnachanga gharama. La pili ni la kibinafsi linalosimama City Stadium jioni wakati wa mvua, dereva anaita "Makadara, Donholm, bado wawili." Hilo la pili ni matatu isiyo na leseni. Usilipande kwa kuokoa shilingi ishirini. Likisimamishwa na polisi umebaki njiani gizani, nauli umeshalipa, na ukiumia hakuna wa kumwandikia barua.

Njia nyingine za kufika kazini?

Mkiwa wengi mnaoelekea upande mmoja, kodini matatu ndogo yenye leseni asubuhi na jioni kwa makubaliano ya mwezi. Tuseme mwenye gari anataka Sh3,000 kwa siku na viti ni 14: kila mtu ni Sh214, au kama Sh4,700 kwa mwezi. Si akiba kubwa, lakini una kiti, una bima ya abiria, na mvua haipandishi bei. Shida ni viti vitupu. Watatu wakijitoa, waliobaki 11 wanalipa Sh273 kwa siku, yaani Sh6,000 kwa mwezi, zaidi ya matatu ya kawaida. Usikubali bila kila mmoja kuweka amana ya angalau wiki mbili. Na muulize mwenye gari kama leseni yake inamruhusu kukodishwa kwenye njia hiyo, maana kosa lililowapata wale wa 2019 lilikuwa la leseni isiyolingana na kazi.

Teksi ya simu mkigawana watatu ni raha ya siku moja moja. Safari ikiwa Sh500, kila mtu analipa karibu Sh167 kwenda na kiasi hicho kurudi, zaidi ya Sh7,300 kwa mwezi, na saa za msongamano bei inapanda. Kanuni za 2022 zilizuia kampuni za simu kumkata dereva zaidi ya asilimia 18, lakini hilo ni la dereva, halikupunguzii wewe. Iweke akiba kwa siku ambayo gari la jirani halipo na mmechelewa wote. Boda boda usiihesabu kama njia ya kila siku. Kwa kuvuka mji inakula kama teksi ya kugawana, na mvua yote ni yako.

Ukiwa umeajiriwa mahali penye gari la wafanyakazi, hata kama kituo chake ni mbali kidogo, lifuate. Kumbuka ile Sura ya 405: anayebebwa kwa ajili ya mkataba wa kazi, bima yake ni ya lazima. Hakuna kiti cha bei hiyo chenye ulinzi kama huo. Mwulize ofisa wa ajira kama gari linaweza kupita Jogoo Road; wengi hawajawahi kuuliza.

Na kuna miguu. Kutoka Kaloleni hadi mjini kupitia Landhies Road ni kama dakika 40. Ukitembea mguu wa kwanza asubuhi na wa mwisho jioni, unalipia Westlands peke yake: 50 kwenda, na tuseme 65 kurudi. Hizo ni Sh115 kwa siku, Sh2,530 kwa mwezi. Ndiyo, ni chini ya gari la jirani, kwa matatu zenye leseni, na bila kumtegemea mtu. Gharama iliyojificha ni viatu, jasho na giza. Mwanamke anayetoka kazini saa mbili usiku asipangiwe hesabu hii na mtu yeyote. Atembee asubuhi, jioni apande mpaka Burma, na bado atakuwa chini ya Sh4,000.

Ushauri wangu kwa mwenye pesa kidogo na wiki moja ya kuamua ni huu. Unayetoka kazini mapema na miguu inaruhusu, tembea na upande matatu moja. Unayetoka usiku, au una mzigo, au magoti yanakusumbua, chukua gari la jirani, mradi bima ya viti imekatwa. Isipokatwa, baki na matatu na uvumilie tofauti ya bei.

Mkikubaliana na jirani, yaandikeni kwenye kikundi chenu cha simu: saa ya kuondoka, mtasubiriana dakika ngapi, nani analipa maegesho, na mchango utaangaliwa upya kila EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, inapotangaza bei ya mafuta tarehe 14. Dereva naye alipe sehemu yake ya mafuta, ionekane wazi kwamba hana faida. Mchango wa siku ukiwa Sh100 au chini, M-Pesa haikati kitu kutuma. Ukiwa Sh120 inakata Sh7 kila mara, na kwa mwezi hizo ni Sh154 zilizopotea. Kwa Sh120, mpe taslimu, au tuma Sh600 Ijumaa, ambazo hukatwa Sh13 mara moja.

Halafu mpatane kuhusu kiti cha tano. Kikae wazi. Asubuhi jirani akianza kupunguza mwendo kwenye steji ili akijaze na mtu msiyemjua, safari yenu imebadilika mbele ya sheria na mbele ya bima, kwa shilingi hamsini. Mwambie siku hiyo hiyo. Akiendelea, lipa siku ulizopanda tu, na Jumatatu urudi kwenye matatu.